Bwana Afya na Maji Yasiyo na Mwenyewe

Baiskeli yake ilisikika kabla haijaonekana. Mnyororo ulikuwa unalia kama kuku anayetafuta pa kutagia, na ukiusikia kule kona ya chini ulikuwa na muda wa kufagia choo, kufunika maziwa na kumfunga mbwa. Nafikiri alifanya makusudi. Mnyororo hutiwa mafuta, na mafuta alikuwa nayo. Alitaka tufagie, hakutaka kutufumania.

Tulimwita Bwana Afya. Jina lake halisi nalijua, na wenzangu wa rika wanalijua, lakini hakuna aliyelitumia akiwa na sisi, basi na mimi sitaanza leo. Alitoka milima ya Kisii, ng'ambo ya pili, akaishi huku Konoin katikati ya chai yetu miaka mingi. Ya ukoo wake tuwaachie watu wake. Mimi nitasema niliyoyaona.

Kazi yake ilikuwa vyoo, bucha, hoteli za sokoni na visima. Kanso ndiyo ilimlipa, ile serikali ndogo ya wilaya. Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na soksi ndefu. Alikuwa mrefu, na kichwa alikiinamisha mbele kila wakati kama mtu anayepita mlango mfupi. Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Nani ameona kwa macho?" Ukimwambia bucha imeoshwa, anakuuliza nani ameona kwa macho. Ukimwambia mvua imenyesha Kimulot, anakuuliza hivyo hivyo, na huku koti lako linadondosha maji.

Kuna jirani yetu mmoja, mtu wa maneno mengi, alimwambia choo chake kina urefu wa watu wawili kwenda chini.

"Nani ameona kwa macho?"

"Mimi mwenyewe, Bwana Afya. Si nilichimba?"

"Basi ingia usimame, tuone kama kichwa kitatokea."

Tulicheka mpaka jirani akaingia nyumbani kwake akafunga mlango. Wiki iliyofuata alichimba kingine, na hicho kilikuwa choo kweli.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi. Alimfungia dada yangu hoteli siku ya soko, watu wamejaa, maandazi yanatoka kwenye mafuta, kwa sababu ya vikombe vitatu vyenye ufa. Dada alilia. Siku ya soko iliyofuata Bwana Afya alikuwa wa kwanza kuingia, akaketi mbele ya watu wote, akanywa chai kwenye kikombe kipya, akalipa, akaongeza kingine. Hakuomba msamaha. Dada alisema, "Huyu mtu ananiudhi hata akininunulia."

Na mambo yake yalipingana. Alituhubiria tuchemshe maziwa, tusinywe kitu kilichokaa. Lakini akifika kwangu saa ya jua kali nilimmiminia mursik kutoka kwa kibuyu, maziwa yetu ya kulala yenye mkaa, na alifumba macho kabla ya kunywa.

"Kwa nini unafumba?" nilimuuliza.

"Mama Chebet, nikifungua macho nitalazimika kuandika ripoti."

Tena alikuwa mtu anayeogopa ng'ombe. Mwanamume mzima, ofisa, miongoni mwa Wakipsigis! Ng'ombe akigeuza kichwa tu, yeye yuko juu ya ua. Maswali mengi aliniuliza akiwa amekaa juu ya ua wangu kama jogoo, kalamu mkononi. Watoto walijua, wakawa wanamwachilia ndama karibu na baiskeli. Niliwachapa, lakini na mimi nilicheka jikoni.

Jumamosi hukumwona. Alikuwa Msabato, na Sabato yake hakuivunja kwa mtu. Bucha ingeuza nyama ya chui siku hiyo, asingetoka kanisani.

Alikuwa na hadithi yake ya serikali. Tulipopata Uhuru kulikuwa na Majimbo, kila mkoa na serikali yake, na yeye akaambiwa ni mtu wa jimbo. Kabla hajazoea, Majimbo yakaisha, akaamka mtu wa kanso. Baadaye tena, mambo ya afya yalipochukuliwa kutoka kwa kanso, akawa mtu wa Nairobi. "Nimekuwa mtu wa serikali tatu," alikuwa akisema, "na baiskeli ni hii hii." Alisema hivyo akicheka, lakini kitu kimoja hakikumchekesha. Tangu akiwa bado mtu wa kanso alisema kila serikali inapogawa kazi na nyingine, kuna kazi inayoanguka katikati, na haianguki juu ya ofisa. Inaanguka juu ya mama mwenye mtungi.

Sikumwelewa mpaka kiwanda kilipokuja.

Mtu ambaye hakuishi wakati ule hawezi kujua tulivyokitaka kile kiwanda. Sisi wenye mashamba madogo tulikuwa tumepanda chai kwa jasho, na majani tuliyachuma vizuri, mawili na ncha, kama tulivyofundishwa. Lakini kiwanda kilikuwa mbali, na lori likikwama kwenye matope tulikaa kwenye kituo cha kupimia chai tukiangalia majani yetu yakigeuka rangi ndani ya vikapu. Yakishaanza kutoa joto, hayana kazi. Nimemwaga kikapu cha siku nzima mtaroni, na mtoto anahitaji yunifomu. Kwa hiyo tuliposikia kwamba tutajengewa kiwanda chetu, juu pale kwenye tambarare ya kijiji, tuliimba.

Na chini ya ile tambarare ndiko kulikuwa na kisima chetu.

Hakikuwa kisima cha kuchimba. Ilikuwa chemchemi inayotoka chini ya mawe, halafu kinamasi kidogo, halafu inaenda mtoni. Wanawake wa upande wote ule wa bonde tulichota hapo, na ng'ombe walikunywa hatua chache chini. Mwaka mmoja wa nyuma, choo cha mtu kilipofurika huko juu, watoto wa bonde zima walihara, na mmoja wa jirani hakupona. Bwana Afya mwenyewe ndiye aliyesimamia tukahamisha kile choo na kujenga mawe kuzunguka chemchemi. Kwa hiyo kile kisima alikijua kama mtu anavyojua mtoto aliyemuuguza.

Akaenda kwa mwenyekiti wa kamati yetu ya chai. Nilikuwepo, kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee katika ile kamati.

"Mwenyekiti, kiwanda kitaosha sakafu na mashine. Kutakuwa na mafuta. Kutakuwa na choo cha wafanyakazi. Hiyo maji chafu itaenda wapi?"

"Kwa shimo," mwenyekiti akasema. "Injinia wa Nairobi amechora shimo. Udongo utakunywa yote."

"Nani ameona kwa macho?"

"Sasa wewe unataka kuona udongo ukikunywa?"

"Ndiyo."

Mwenyekiti wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekihangaikia kile kiwanda mpaka viatu vikaisha. Lakini alikasirika, akasema maneno yaliyopita kijiji kizima kufikia jioni: kwamba huyu Mkisii ametumwa atuzuie, chai yetu ioze, ya kwao ipite. Watu walikubali. Mtu mwenye majani yanayooza hataki kuulizwa maswali. Walimwita adui wa maendeleo. Walianza kumwachilia ng'ombe njiani kwa kusudi, watu wazima sasa, si watoto. Alishuka kwenye baiskeli, akapanda kwenye ukingo, akasubiri ng'ombe wapite, akaendelea.

Kwangu mambo yalikuwa magumu. Kiwanda nilikitaka kama mtu yeyote. Na maji niliyachota pale kila siku. Nilimwambia wazi, "Bwana Afya, ukitunyima kiwanda sitakusamehe. Na ukituachia maji machafu sitakusamehe."

"Ni haki yako, mama," akasema, juu ya ua. Halafu akamwangalia ng'ombe wangu mwekundu ambaye alikuwa analamba mlingoti wa ua, mahali tulipokuwa tumeweka magadi. Alimwangalia kwa muda mrefu, bila woga hata.

"Hawa ng'ombe wenu, magadi wanaweza kuitambua hata ikiwa kidogo?"

"Hata mkono ulioshika jana."

"Na ikiwa kwa maji?"

"Watakufuata mpaka kanisani."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wanaume wa kamati walikuwa wamekwisha kuchimba lile shimo la maji machafu, la kupimia. Bwana Afya alituomba sisi wanawake wa kisimani, na kila mmoja akaleta magadi kutoka nyumbani, mkebe mmoja mmoja. Tuliyamwaga shimoni, tukajaza maji; maji ya shimo yakitokea kisimani, ng'ombe wangetuonyesha. Kila mvua ilipokuja shimo lilijaa tena na kushuka tena. Udongo ulikuwa unakunywa kweli, mwenyekiti hakukosea. Alikuwa anapita akituchekelea: "Endeleeni kuwalisha mchwa magadi! Watapata afya!"

Siku zikapita. Ng'ombe walikunywa kama kawaida. Mimi nilianza kuona aibu.

Ndipo mwenyekiti akapanga injinia wa maji wa serikali, si yule aliyechora shimo, aje kutoka Nairobi kupitisha mahali pale mara moja. Alichagua Jumamosi. Kila mtu alielewa kwa nini. Nilikimbia kumwambia Bwana Afya, nikamkuta anapiga pasi shati la kanisani.

"Nimesikia," akasema.

"Basi utakuja?"

"Jumamosi? Hapana."

"Bwana Afya! Watapitisha!"

"Mama Chebet, nikivunja siku ya Mungu kwa sababu ya kazi, kesho nitavunja kazi kwa sababu ya kitu kidogo zaidi. Wewe utakuwepo. Na ng'ombe watakuwepo."

Nilitoka pale nimemkasirikia sana. Nilimwambia hata Mungu anachota maji mahali.

Jumamosi ikafika, baada ya mvua nzito ya juma lote. Injinia alikuja na Landrova, kijana wa haraka, mwenye buti safi. Tukasimama juu ya tambarare. Mwenyekiti akaeleza, akaonyesha shimo, akasema upande wa kanso hauna shida. Injinia alikuwa ametoa kalamu. Hapo tukasikia kelele.

Ng'ombe wa bonde zima walikuwa wameacha malisho. Walikuwa wanalia na kusukumana kwenye chemchemi, juu kabisa, mahali tunapochota sisi, wamevunja ua wa miti tuliouzungushia yale mawe. Wachungaji walikuwa wanawapiga na hawaondoki. Ng'ombe wangu mwekundu alikuwa amepiga magoti kama Mkatoliki, analamba mawe.

"Hao wana nini?" injinia akauliza.

"Kiu tu," mwenyekiti akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Kiu?" nikasema. "Na mto uko pale, hakuna hata mmoja anauangalia?" Nikamwambia yote, magadi na shimo na mikebe, mbele ya wote.

Sifa yake nitampa yule kijana. Hakubishana. Alishuka mteremko na buti zake safi, akajipenyeza katikati ya ng'ombe, akatia kidole kwenye maji yanayotoka chini ya jiwe, akaonja. Akaonja tena. Akageuka kumwangalia mwenyekiti.

"Uliniambia kanso imekagua."

Mwenyekiti akaangalia kofia yake.

"Mkaguzi wao yuko wapi?"

"Kanisani," nikasema. "Mimi najua njia."

Ndiyo siku yangu ya kwanza kupanda gari. Tulimkuta Bwana Afya nje ya kanisa lao dogo karibu na nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa, Biblia kwapani, ndani wanaimba. Injinia akaanza kueleza. Bwana Afya akainua mkono.

"Kisima nakijua. Leo ni Sabato."

"Bwana, nimetoka Nairobi!"

"Pole kwa safari. Kesho asubuhi nitakuwa pale kabla yako."

Nilifikiri injinia atawasha gari aende zake. Alimwangalia yule mrefu mwenye kichwa cha kuinama, halafu akanigeukia akaniuliza kama kuna mahali pa kulala. Akalala kwa mwenyekiti. Nasikia usiku huo mwenyekiti alimchinjia kuku na hawakuongea sana.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na sasa sisi ndio tulikuwa kanisani. Mchungaji wetu alimaliza mahubiri mapema kuliko siku zote. Na yeye alikuwa na ng'ombe wanaokunywa kule chini. Tulipotoka tulishuka wote na nguo zetu nzuri, tukawakuta Bwana Afya na injinia wamesimama kwenye shimo, wanagombana kwa heshima.

"Kazi yangu ni maji yanayotolewa mtoni kuingia kiwandani," injinia alikuwa anasema. "Hiyo nimekagua. Ninaweza kutoa kibali."

"Na kazi yangu ni maji ambayo watu wanakunywa," Bwana Afya akasema. "Hiyo nimekagua. Ilikuwa safi mpaka tulipomwaga magadi huku juu. Sasa niambie. Maji inayoingia kiwandani ni ya Nairobi. Maji ya kunywa ni ya kanso. Maji inayotoka kiwandani ni ya nani?"

Injinia akafungua daftari lake, akapekua kurasa. Akalifunga. Watu wote wa kanisa letu tulikuwa tumesimama pale. Mimi nilimwangalia mwenyekiti. Alikuwa anaangalia kisima, na mkewe amesimama kando ya kisima, maana na yeye alichota pale.

"Haijaandikwa mahali," injinia akasema mwishowe.

"Basi tuiandike."

Waliandika juu ya boneti ya Landrova, wamebanana bega kwa bega, mmoja anasema na mwingine anakata. Bwana Afya alitusomea kwa sauti. Nairobi haitatoa kibali cha maji ya kiwanda huku kwetu mpaka mtu wa kanso awe ameona yanakoishia. Kanso haitapitisha ramani mpaka mtu wa Nairobi awe amesimama mahali pale yeye mwenyewe. Wasimame wote wawili siku moja, na watu wanaochota maji wawepo. Kisha akaongeza kwa mdomo, "Isiwe Jumamosi." Hata mwenyekiti akacheka.

Halafu wakatembea. Walipanda mgongo wa kilima mchana kutwa, injinia akisoma kwa chombo chake upande ardhi inakoinamia, Bwana Afya akiuliza ni nani anachota wapi, na sisi tukijibu. Kila mmoja alijua kitu ambacho mwingine hakuwa nacho. Wakafika upande wa pili wa tambarare, penye murramu, ule udongo mgumu wa kokoto, na nyasi nyingi chini yake, ambapo hakuna chemchemi wala boma. Wakachimba shimo jingine. Tukaleta magadi tena, na mara hii wa kwanza kufika na mkebe alikuwa mke wa mwenyekiti. Mvua ikanyesha, tukangoja, na tulipitisha ng'ombe kila mahali kwenye lile bonde, na hakuna hata mmoja aliyegeuza kichwa.

Kiwanda kikajengwa pale. Kilichelewa, ndiyo, na kuna majani tuliyoyamwaga katika kule kuchelewa, sitawadanganya. Lakini kilisimama. Siku mashine zilipowashwa mara ya kwanza, ule mlio ulishuka bondeni na mimi nikiwa kisimani na mtungi. Niliuacha mtungi nikapiga vigelegele peke yangu, halafu mwingine akajibu kutoka ng'ambo, halafu mwingine, mpaka kilima chote kikalia. Tuliyapeleka majani yetu kwa miguu, yakafika yakiwa yamesimama kama yalivyochumwa. Mwenyekiti alihutubia, akasema kwamba yeye ndiye aliyeona umuhimu wa kulinda maji. Bwana Afya alikuwa amesimama nyuma kabisa, mbali na ng'ombe wa karamu ingawa alikuwa ameshachinjwa, na alipiga makofi kuliko mtu yeyote.

Baada ya hapo Bwana Afya na injinia walikuwa wakija pamoja, na wakati mwingine waligombana tangu Landrova mpaka mtaroni na kurudi. Kila kiwanda na kila mashine ya kukoboa kahawa au kusaga mahindi iliyotaka kukaa karibu na maji katika sehemu zetu ilipitia kwa macho yao yote mawili. Watoto wangu hawakuhara tena. Nilisomesha wanne kwa chai ile, na maji yale ndiyo waliyokunywa.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa miaka ya sabini inaelekea kwisha. Alikuwa amestaafu, na baiskeli alikuwa amempa mtu. Alikuja kwa basi kuwaona watu wa kanisa lake, akapitia kwangu, akaniambia anataka kuona mtaro wa maji machafu wa kiwanda. Hakuwa na kibali cha kuingia mahali popote tena, kwa hiyo tulifuata njia ya miguu inayopita kando ya ua, katikati ya chai. Alitembea polepole. Mgongo sasa ulikuwa umeinama kama kichwa. Aliniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia: kwamba yale waliyoandika juu ya boneti hayakuwahi kuwa sheria. Yalikuwa makubaliano ya watu wawili tu. Yule injinia alikuwa amehamishwa zamani, na yeye hana nguvu.

"Nimelala nikifikiria, mama. Sisi tukiondoka, ni nani atasimama pale?"

Tukaendelea.

Tulipokaribia mtaro, vijana wawili walikuwa wanatujia kutoka nyuma, wamejaa matope mpaka magotini. Mmoja alikuwa amebeba chupa za maji kwenye sanduku, amevaa kofia ya wizara ya maji, mwingine alikuwa na ramani ya kanso imekunjwa kwapani. Nyuma yao wanawake wawili wa bondeni, na mikebe ya magadi. Walikuwa wanagombana.

"Wewe huwezi kupitisha hiyo sehemu mpya ya kiwanda kama mimi sijashuka chini!"

"Na nani amekwambia napitisha? Si tumeshuka wote? Hawa akina mama si wameona?"

"Basi tushuke tena, sijaona mwisho wake."

Yule wa wizara akatuona tumesimama njiani. "Mzee, samahani, tupishe kidogo. Tuko kwa ukaguzi."

Nilitaka kumwambia huyo mtoto anaongea na nani. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Bwana Afya alinivuta leso.

"Wacha, mama. Wako kazini."

Akaingia ndani ya chai, soksi zake ndefu zikilowa umande, akasimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu, akawapisha wote wanne. Walipita wakiendelea kugombana, hawakugeuka. Yeye aliwaangalia wakishuka mpaka chini kabisa, mpaka mtu wa kanso alipoinama na mtu wa Nairobi akainama kando yake kuangalia maji yale yale.

Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka.